Anza na triga, flashi itafuata

Anayetaka kununua flashi ya kwanza ya kamera karibu kila mara huuliza ipi ina nguvu kuliko zote. Mdogo wangu wa kiume kaniuliza hivyo juzi, na kabla yake shoga yangu mmoja ambaye ndiyo kwanza kajifungua na anataka picha za mtoto. Wote wawili nimewajibu jambo moja: flashi iacheni kwanza, chagueni triga.

Triga ni kile kidude kinachochomekwa juu ya kamera, pale pale ambapo flashi yenyewe ingekaa. Ukibonyeza kitufe cha kupiga picha, triga inatuma ishara ya redio, na flashi iliyosimama upande mwingine wa chumba inawaka papo hapo. Kwa mtu wa nyumbani, faida kubwa ya flashi isiyojengwa ndani ya kamera si nguvu. Ni uhuru wa kuitoa juu ya kamera na kuiweka unapotaka mwanga utokee. Tena triga ndiyo inayokuingiza kwenye ukoo, yaani vifaa vya kampuni moja vinavyoelewana. Triga za Godox na za Yongnuo zote zinatumia masafa ya redio ya gigahezi 2.4, lakini hazielewani hata kidogo. Ukishanunua ya ukoo mmoja, flashi ya pili na ya tatu zitatoka huko huko. Kwa hiyo uamuzi wa kweli unafanyika kwenye triga, hata kama wewe unadhani unanunua flashi.

Niseme napiga nini, ili usome haya ukijua yanatoka kwa nani. Nina watoto wawili, na nashona nguo za watoto. Picha zangu ni za hao watoto, za mama yangu anapokuja kukaa nasi, na za nguo kabla hazijaenda kwa wenyewe. Sebule yangu ni kama mita nne kwa tatu, ina dirisha moja, dari jeupe, na ni la chini kiasi kwamba ufagio unalifikia. Kamera ni Nikon D5600, na lenzi inayokaa humo karibu wakati wote ni ya milimita 35 yenye f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Sina studio na siihitaji.

Mchana dirisha linanitosha. Mtoto akikaa ubavuni mwake, upande mmoja wa uso unang'aa na mwingine unafifia polepole, na hakuna flashi inayoshinda hapo. Tatizo ni jioni, watoto wanaporudi na mimi ninapomaliza kushona. Taa ya dari inamulika toka juu, inachimba vivuli chini ya macho, na ni hafifu. Nikifungua lenzi yote na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400, nyuzi za kitambaa zinapotea kwenye chengachenga. Nikishusha kasi ya shata, kile kilango kinachoingiza mwanga, mpaka 1/30 ya sekunde, mkono wa mtoto unakuwa ukungu.

Kamera yangu ina flashi yake ndogo inayochomoza juu, yenye namba ya nguvu 12 kwa ISO 100 (namba hii nitaieleza mbele). Kwa umbali wa mita mbili tatu mwanga wake unatosha kabisa. Kinachoiharibu ni mahali ilipo. Imekaa sentimita chache tu juu ya lenzi, kwa hiyo inamulika uso moja kwa moja, inafuta vivuli vyote vinavyoupa uso umbo, halafu inachora kivuli kimoja cheusi chenye makali ukutani nyuma ya mtu. Na kwa kuwa ni ndogo kama kiberiti, mng'ao wake kwenye ngozi nao unakuwa mdogo na mkali. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu hili linaonekana haraka: doa jeupe kwenye paji la uso, jingine kwenye ncha ya pua, na pembeni yake ngozi imebaki giza. Watu husema ngozi nyeusi ni ngumu kupiga picha. Mimi sikubaliani nao hata chembe. Ngozi nyeusi inaakisi chanzo cha mwanga kwa uaminifu, na ukiipa chanzo kikubwa, laini, kinachotoka ubavuni, inarudisha mng'ao mpana wa taratibu unaoonyesha shavu, taya na shingo. Picha bora ya mama yangu niliyonayo imepigwa hivyo, na hakuna nilichorekebisha kwenye kompyuta.

Haya, triga. Kabla ya kutazama bei au umbo, tazama kamera yako. Triga hutengenezwa kwa kila aina ya kamera, na kwenye ukoo wa Godox herufi ya mwisho ndiyo inayokuambia: N kwa Nikon, C kwa Canon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Mimi nina kamera ya Nikon, basi triga yangu ni X2T-N. Flashi inayosimama kwenye stendi haijali kamera ni ya nani, inaisikiliza redio tu. Siku nikihamia kamera ya kampuni nyingine nitabadilisha triga peke yake, flashi zote zitabaki. Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya nisimamie triga kwanza.

Halafu chungulia pale juu ya kamera, mahali pa kuchomekea. Katikati kwa kawaida kuna kipini kimoja cha chuma. Hicho ndicho kinachosema "waka" kwa flashi ya aina yoyote, na triga za bei nafuu zinakitegemea hicho peke yake. Kuna kamera zilizotolewa bila kipini hicho. Canon EOS 250D ni mojawapo, na ndiyo kamera ya mdogo wangu. Kwake yeye triga ya kawaida yenye mguso mmoja haitawasha chochote. Anahitaji triga inayozungumza lugha ya Canon yenyewe, na maelezo ya mtengenezaji yawe yameitaja kamera yake kwa jina. Wenye Sony nao wana kiungo chao tofauti tangu 2012, chenye miguso midogo iliyojificha mbele, kwa hiyo wasinunue kitu cha Nikon au Canon wakitarajia kitakaa sawasawa.

Kitu cha tatu cha kukagua kwenye kamera ni kasi ya shata inayoweza kwenda na flashi. Shata ya kamera hizi ni mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata na kufunga. Kwa kasi ya chini kuna muda ambapo sensa yote iko wazi, na flashi inawaka wakati huo. Ukiongeza kasi kupita kiasi, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na flashi ikiwaka unapata mstari mweusi kwenye picha. Ukomo wa D5600 ni 1/200. Kamera nyingine ni 1/160, 1/250. Kuna ufundi unaoitwa HSS unaovuka ukomo huo kwa kuifanya flashi itoe milipuko midogo midogo mfululizo, lakini unakula nguvu nyingi ya flashi, na kamera yenyewe lazima iukubali. D5600 haiukubali. Kwa hiyo mwenye kamera kama yangu asilipie HSS kwa kudhani ataipata, maana triga na flashi zinaweza kuwa nayo na bado kamera ikakataa. Ndani ya nyumba, jioni, sijawahi kuitamani. HSS ni ya wanaopiga nje juani na lenzi iliyofunguka yote.

Na kama kamera yako ni ya kisasa isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), angalia kama umeiweka kwenye shata ya kimya, ile ya kielektroniki. Kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa katika hali hiyo. Mtu anaweza kuilaumu triga bure.

Baina ya triga za Godox nilizoshika, X2T na XPro ndizo ninazoweza kumshauri mtu wa nyumbani. XPro ina kioo kikubwa kilicholala mshazari, na unaona makundi yote matano ya flashi unazoweza kuamrisha kwa pamoja na nguvu ya kila moja. X2T ni ndogo zaidi, na imebakiza mahali pa kuchomekea juu yake, hivyo unaweza kuweka flashi nyingine juu ya triga ukitaka. Mimi nilichagua ndogo kwa sababu kamera yangu nayo ni ndogo na mara nyingi nashika kwa mkono mmoja, mwingine unanyoosha kola ya nguo. Anayevaa miwani ya kusomea ningemwambia achukue XPro. Zote zinakula betri mbili za AA, na zote zinakuruhusu kupandisha na kushusha nguvu ya flashi ukiwa umesimama kwenye kamera. Hilo la mwisho usilikubali likikosekana. Kuna triga rahisi zinazowasha tu bila kubadilisha nguvu, na ukiwa nazo utakuwa unatembea kwenda kwenye stendi na kurudi kila picha, mtoto naye ameshaondoka.

Wenye ukoo wa Yongnuo wanaweza kufika mahali pale pale kwa YN560 IV na triga yake YN560-TX. Flashi hiyo ina redio ndani yake, inapokea na inatuma, na kwa miaka mingi watu wamejifunzia mwanga kwa hizo. Mimi niliegemea Godox kwa sababu ukoo wake ni mpana. Triga ile ile inayoamrisha flashi ndogo inaamrisha pia flashi kubwa ya AD200 na taa kubwa zaidi za studio, na sipendi kununua kitu kinachonifungia mlango mbele.

Sasa flashi. Yangu ni TT600. Ina risiva ya redio ndani, inatumia betri nne za AA, na nguvu yake unaipanga mwenyewe kutoka 1/1, yaani nguvu yote, hadi 1/128. Haina TTL. Najua hili la kukosa TTL ndilo linalowatisha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

TTL maana yake ni kwamba kamera inairusha flashi mara moja kwa udogo kabla ya picha, inapima mwanga uliorudi kupitia lenzi, kisha inaamua nguvu ya picha yenyewe. Ni kitu kizuri kwa anayekimbizana na watu, leo mita moja kesho mita tano, flashi ikiwa juu ya kamera. Lakini mimi napiga gauni jeupe, nalitundua, natundika la buluu iliyokoza mahali pale pale. TTL ikiona jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na gauni linatoka kijivu. Ikiona la giza inaongeza, na buluu inachuja. Mteja analinganisha picha mbili na rangi hazikubaliani. Nikipanga nguvu mwenyewe, stendi haijasogea, nguo haijasogea, basi mwanga ni ule ule kutoka nguo ya kwanza hadi ya mwisho. Jeupe linabaki jeupe na buluu inabaki buluu.

Kwa watoto nako, watu hudhani lazima TTL kwa sababu hawatulii. Jaribu kugeuza kichwa cha flashi kitazame dari jeupe. Dari lote linageuka kuwa taa, na mwanga wake unaenea karibu sawa chumba kizima. Mtoto akitoka kwenye kochi akaenda mlangoni, tofauti ni ndogo, na picha za RAW, yaani faili ghafi za kamera, zinaimeza bila shida. Sebuleni kwangu, flashi ikitazama dari, naanzia 1/8 kwa f/4 na ISO 400, kisha napandisha au kushusha hatua moja kulingana na ninachokiona kwenye kioo. Picha mbili tatu za kujaribu, na jioni nzima sigusi tena.

Hata hivyo nisimdanganye mtu. Kama una mpango wa kuitwa kwenye sherehe za ndugu, flashi ikae juu ya kamera, uzunguke kati ya watu, basi ongeza pesa uchukue TT685 au V860 ya herufi ya kamera yako, zenye TTL. Zitafanya kazi ya kwenye stendi vile vile, kwa triga ile ile. Na wewe mwenye mtoto mchanga, ambaye hatoki pale ulipomlaza, TT600 inakutosha kabisa. Mwanga upitishie darini au kwenye mwamvuli, usimmulike moja kwa moja.

Kuhusu nguvu, ile namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi inaitwa namba ya nguvu. Igawanye kwa f unayotumia, unapata umbali ambao flashi inafika kwa ISO 100. Namba 60 kwa f/4 ni mita 15. Lakini namba hiyo ya 60 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, yaani mwanga wote umekusanywa kwenye mwale mwembamba. Ukikifungua kwa upana wa kawaida, namba inashuka sana, na ukiupitisha mwanga kwenye mwamvuli au darini inashuka tena. Ndiyo maana silinganishi flashi kwa namba hizo. Karibu kila flashi ya ukubwa huu inakaribiana na mwenzake, na kwa chumba cha mita nne zote zinazidi. Mara nyingi shida ya nyumbani ni kuwa nguvu ya chini kabisa bado ni nyingi ukitaka kufungua lenzi hadi f/1.8. Mwenye hamu ya picha zenye nyuma laini aitazame 1/128 kuliko 1/1.

Nguvu ndogo ina zawadi nyingine. Flashi hizi hazipunguzi mwanga kwa kuufifisha, zinapunguza kwa kuukata mapema. TTL au bila TTL, kwa 1/1 mwako wa TT600 unachukua kama 1/300 ya sekunde, na kwa nguvu ya chini kabisa unafika 1/20000. Chumba kikiwa na giza la kutosha, picha inaandikwa na mwako huo peke yake, shata ingekuwa hata 1/200. Harold Edgerton, profesa wa chuo cha MIT Marekani, aligandisha tone la maziwa likirusha taji kwa njia hiyo ya mwako mfupi mno. Mimi nagandisha binti yangu mdogo akirukaruka kitandani, nywele zote hewani, kila unywele unaonekana. Anaipenda hiyo picha kuliko zote na ameibandika mlangoni.

Betri nazo zina neno. Ndani ya flashi kuna kapasita inayojazwa umeme wa volti zaidi ya mia tatu, na mwako mmoja unaimwaga. Betri kazi yake ni kuijaza tena. Nunua za kuchaji za NiMH. Mimi natumia Eneloop, seti mbili za nne nne, moja ikiwa kwenye flashi, nyingine kwenye chaja. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 na hilo lisikutie wasiwasi, kwa sababu zinatoa umeme mwingi kwa haraka kuliko betri za kawaida za alikali, na flashi inakuwa tayari mapema zaidi. Usichanganye mpya na kuukuu ndani ya flashi moja. V860 ina betri yake maalumu ya lithiamu inayojaza haraka zaidi, lakini ikiisha katikati ya kazi huna mbadala mpaka uwe na ya pili. Na kwa sababu ya ile kapasita, flashi iliyoharibika usiifungue mwenyewe. Inaweza kubaki na umeme muda mrefu baada ya betri kutolewa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya umeme, tahadhari na flashi za zamani za ndugu na wazee. Baadhi zilitengenezwa zikiwa na zaidi ya volti mia mbili kwenye ule mguso wa katikati. Kamera za zamani za kimakenika hazikuona tabu, za kisasa zinaweza kuungua. Kama huna uhakika wa volti zake, iweke kabatini kama kumbukumbu.

Kabla ya kununua triga, kuna njia ya kuonja bila triga. TT600 ina jicho la kuona mwako wa flashi nyingine, hali zinazoitwa S1 na S2. Nikiifungua flashi ndogo ya kamera yangu, nikaiweka kwenye nguvu ya kupangwa kwa mkono, 1/32, na TT600 kwenye S1, moja inaiwasha nyingine. Kama flashi ya kamera iko kwenye TTL, ule mwako wa kupimia utaiwasha TT600 mapema mno, na hapo ndipo S2 inaporuka mwako wa kwanza na kusubiri wa pili. Inafanya kazi vizuri chumbani. Ila lazima jicho lione mwako, na ile flashi ndogo nayo inaongeza mwanga wake usoni hata uipunguze vipi. Kama jaribio la jioni moja ni sawa. Redio haina masharti hayo, unaweza kuficha flashi nyuma ya mlango na bado ikawaka.

Siku triga na flashi zikifika, kuna mambo machache ya kuziunganisha. Chaneli iwe moja kwenye zote mbili, na ile namba ya utambulisho iwe moja, flashi iwe kwenye hali ya kupokea redio, kundi A. Kisha ingia kwenye mipangilio ya triga utafute umbali. Kwa kawaida umewekwa mita 1 hadi 100, na kuna chaguo la 0 hadi 30. Nyumbani weka hilo la pili. Flashi ikiwa karibu mno na triga, kwenye mpangilio wa mbali inaweza kuruka baadhi ya picha, na watu huihesabu kuwa ni mbovu.

Mpangilio wa picha nao una utaratibu wake ambao ningependa kila mtu auzoee mapema. Anza bila flashi. Weka shata 1/200, f/4, ISO 400, upige. Picha itoke nyeusi au karibu nyeusi, maana yake taa za chumba hazina sauti tena. Sasa washa flashi kwa 1/16 na upandishe mpaka uso uonekane kama unavyotaka. Halafu ndipo uamue chumba nacho kionekane kiasi gani, kwa kushusha shata: 1/100, 1/50, 1/30. Mwanga wa flashi haubadiliki kwa sababu ni mfupi kuliko kasi hizo zote, ila taa ya nyuma inazidi kuchomoza kila ukishusha. Kwa maneno mengine, ndani ya picha moja una mianga miwili, na shata inashika mmoja tu. Nilipolielewa hili nilifurahi kuliko nilivyofurahia kifaa chenyewe.

Hapo utaona pia rangi. Mwanga wa flashi ni karibu na wa mchana, kama Kelvini 5600, na balbu za manjano za nyumbani ni kama 2700 hadi 3000. Mtu anatoka sawa na ukuta nyuma yake unakuwa wa rangi ya chungwa. Mara nyingine inapendeza na naiacha. Nikitaka zilingane, nabandika kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, ile ya CTO, mbele ya flashi na kuiambia kamera kwamba taa zote ni za balbu. Kumbuka pia kuwa mwanga unaogonga ukuta unabeba rangi ya ukuta. Chumba cha watoto kina ukuta wa kijani, na flashi nikiielekeza huko, nyuso zote zinakuwa za kijani. Humo ndani natumia mwamvuli.

Mwamvuli ndio kifaa cha kwanza ningenunua baada ya flashi, mweupe, wa kupenyeza mwanga, upana wa mita moja hivi, pamoja na stendi na kishikio cha kuunganisha. Ni rahisi, unakunjwa, unakaa nyuma ya mlango. Sofboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa flashi, inatawala mwanga vizuri zaidi na haimwagi kila upande, lakini kuifungua na kuifunga kila jioni kunachosha. Usogeze mwamvuli karibu na mtu kuliko unavyodhani inafaa, mpaka ukingo wake uanze kuingia kwenye picha, kisha urudishe kidogo. Ukiwa karibu unakuwa mkubwa kwa uso, hivyo laini. Na mwanga unapungua haraka kwa umbali: ukitoka mita moja kwenda mbili inabaki robo yake. Uso ukiwa mita moja na ukuta mita tatu toka kwenye mwamvuli, ukuta unapata kama sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso. Ndivyo ninavyoufanya ukuta wenye vitu vingi vya watoto upotee gizani bila kuvihamisha. Chumba kikiwa kidogo sana na kuta nyeupe, mwanga utarudi toka kila upande na giza halitakuwa zito hivyo, ila tofauti inaonekana.

Mguuni mwa stendi weka uzito, mfuko wa mchanga au chupa kubwa za maji mbili zilizofungwa pamoja. Mwamvuli unashika upepo wa dirisha, na watoto hawatazami chini wanapokimbia. Hili kwangu halina mjadala, hata kwa picha moja ya dakika mbili.

Flashi ya pili isubiri. Ya kwanza ikikaa ubavuni, ubao mweupe au shuka jeupe upande wa pili linarudisha mwanga wa kutosha kujaza kivuli, na jicho linajifunza zaidi kwa chanzo kimoja. Siku utakapojikuta unataka mwanga mdogo nyuma ya mabega, utenganishe nywele nyeusi na ukuta wa giza, hapo nunua TT600 nyingine, uiweke kundi B, nguvu hatua moja au mbili chini ya ile ya A, na triga yako ile ile itaziamrisha zote mbili.